Kila mali na jalada lake: shajara ya mradi wa timu ya mauzo, Arusha, Februari hadi Julai 2025

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimefungua shajara hii kwa sababu mradi tuliokubaliana na mkurugenzi hauwezi kuendeshwa kwa kukumbuka tu. Ninaongoza maofisa mauzo saba katika ofisi ya uwakala wa nyumba na viwanja, hatua chache kutoka Mnara wa Saa. Kwa miezi sita ijayo kazi yetu kubwa ni kuhakikisha kwamba hakuna mali inayoonyeshwa kwa mteja kabla jalada lake halijakamilika, hata kama mteja amesimama mlangoni na fedha anazo.

Chanzo cha mradi ni mauzo matano yaliyovunjika mwaka jana. Mwishoni mwa Desemba niliyarejea moja baada ya jingine, nikitarajia kukuta uzembe wa kufuatilia wateja, kwa maana hilo ndilo nililokuwa nikilikemea katika kila kikao. Sikulikuta. Katika uzo la kwanza, ndugu wa muuzaji alikuwa ameweka zuio kwa Msajili wa Hati, nasi tukalijua siku ya kusaini. Katika la pili, mke hakuwa na habari kwamba nyumba anayoishi inauzwa. La tatu lilivunjika pale mnunuzi alipozungumza na mwenye kiwanja ana kwa ana na kugundua kwamba bei aliyotajiwa ilikuwa imepandishwa njiani kwa nyakati nne tofauti. La nne lilikuwa kiwanja cha kando ya mto Themi, ambacho zaidi ya nusu yake imo ndani ya mita 60 ambamo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu. La tano lilichukuliwa na mtu mwingine, kwa sababu mwenye mali alikuwa amewaahidi madalali sita na hakuwa amesaini na yeyote kati yao.

Maofisa wangu walikuwa wametembea, wamepiga simu, wamelipa nauli za bodaboda kutoka mifukoni mwao. Mimi ndiye niliyewahimiza wauze haraka kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekichunguza. Kosa hilo ni la uongozi, na marekebisho yake yanaanza kwangu.

Alhamisi, 6 Februari

Kikao cha kwanza cha mradi kimechukua asubuhi nzima. Tumekubaliana kwamba jalada la mali yenye hati litakuwa na nakala ya hati milki au ya barua ya ofa, matokeo ya upekuzi rasmi (uchunguzi wa kumbukumbu za umiliki) kutoka kwa Msajili wa Hati, risiti za kodi ya pango la ardhi hadi mwaka huu, nakala ya kitambulisho cha NIDA na namba ya mlipakodi (TIN) ya mwenye mali, ridhaa ya mwenza wake kwa maandishi, picha za mawe yote ya mipaka, na mkataba wa uwakala uliosainiwa na mwenye mali mwenyewe, ambamo bei anayoitaka ameiandika kwa mkono wake. Kwa mali isiyopimwa tutahitaji zaidi ya hapo, kwa sababu muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi kwamba majirani wameyaona mauziano. Haumpi mnunuzi milki iliyosajiliwa, na wateja wengi huondoka wakiamini kwamba unampa.

Kipengele cha mwisho ndicho kilichozua mjadala. Bei ikiandikwa na mwenye mali, cha juu, yaani nyongeza ambayo dalali hujiwekea kimyakimya juu ya bei hiyo, kinakufa.

Mwenzetu mkubwa kwa umri, ambaye kabla ya kuajiriwa hapa alifanya udalali wa kijiweni Sakina kwa zaidi ya miaka 20, alisubiri wengine wote wamalize kuzungumza ndipo akasema kwa utulivu: “Mwanangu, cha juu ndicho kilichosomesha watoto wangu. Ukikiondoa, uniambie utaweka nini mahali pake.” Sikuwa na jibu la kumpa leo, na nilimwambia hivyo. Nimeandika maneno yake hapa kwa sababu ndiyo swali lenyewe la mradi huu. Kukemea cha juu ni rahisi kwa mtu anayelipwa mshahara.

Ijumaa, 14 Februari

Ukaguzi wa orodha umekwisha. Tulikuwa tukijisifu kwamba tuna mali 64. Baada ya siku sita za kupiga simu na kwenda kuona, tumebakiwa na 23 ambazo mwenye mali tunamfahamu kwa jina na kwa sura. Nyingine 29 zilikuwa zimetufikia kupitia dalali aliyeambiwa na dalali mwenzake, na 12 zilikwisha kuuzwa zamani, baadhi tangu mwaka 2023, ilhali picha zake bado tulikuwa tunazituma kwa wateja. Nimezifuta zote 41.

Kisa kimoja nakihifadhi kwa sababu nitakitumia katika mafunzo. Kiwanja kimoja cha Moshono tulikuwa tukikitangaza kwa shilingi milioni 37. Ofisa wetu alikipata kwa kijana wa Kijenge aliyemtajia milioni 34. Kijana huyo alikipata kwa mtu wa Moshono kwa milioni 31 na nusu, na huyo alikuwa amekipata kwa jirani wa mwenye kiwanja. Tulipofuata mnyororo huo hadi mwisho tulimkuta mama mjane anayehitaji milioni 28 ili amalizie nyumba yake na kulipa ada, naye alikuwa akishangaa kwa miezi minane kwa nini watu wanakuja, wanakipenda kiwanja, kisha hawarudi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba bei iliyokuwa ikiwafukuza wateja si yake.

Nilikaa naye sebuleni kwa muda mrefu. Miezi minane ya ada ya shule ni jambo zito kwa mjane, na sehemu ya uzito huo tuliuongeza sisi, kwa milioni 3 tulizozipachika juu bila hata kumjua.

Alhamisi, 27 Februari

Leo nimempelekea mkurugenzi pendekezo la malipo, naye amelikubali kwa majaribio hadi Julai. Ndilo jibu la swali la mzee wetu, na nimelifanyia hesabu usiku mara tatu.

Ofisi inatoza asilimia 5 ya bei ya mauzo, ikilipwa na muuzaji na kuandikwa wazi katika mkataba wa uwakala. Kiwanja kikiuzwa kwa milioni 40, kamisheni ni milioni 2. Hapo awali ofisi ilichukua milioni 1 na ofisa aliyeleta mnunuzi akachukua milioni 1, huku yule aliyeipata mali asipate kitu isipokuwa cha juu alichojipangia mwenyewe kwa siri. Kuanzia Machi, kati ya ile milioni 1 ya maofisa, 400,000 ni ya aliyeandaa jalada na 600,000 ni ya aliyeleta mnunuzi. Zaidi ya hayo, jalada likikamilika na kupita ukaguzi wangu, aliyeliandaa analipwa 30,000 mara moja, iwe mali itauzwa au haitauzwa, na nauli ya kwenda kwenye ofisi za ardhi inarudishwa kwa risiti.

Mantiki yake ni kwamba uchunguzi ni kazi, na kazi isiyolipwa haifanyiki. Nilikuwa nimetumia mwaka mzima nikihubiri uaminifu kwa watu ambao mfumo wa malipo uliwaadhibu kila walipokuwa waaminifu: ofisa aliyegundua kwamba kiwanja kina mgogoro alipoteza siku tatu na nauli, wakati aliyenyamaza alipata angalau pesa ya usumbufu kwa kumtembeza mteja. Pesa hiyo ya usumbufu nayo tumeifuta. Mteja hatalipa tena ili aonyeshwe mali yetu.

Ofisa mmoja ameaga. Aliniambia kwa heshima kwamba kijiweni anapata zaidi, na ninaamini anasema kweli. Tumebaki na sita.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda uwanjani na ofisa wetu mdogo kuliko wote, kijana aliyemaliza chuo mwaka juzi, kukagua kiwanja cha yule mama wa Moshono. Nakala ya ramani ya upimaji inaonyesha mawe manne. Matatu tuliyaona kwa urahisi. La nne halikuonekana, na mama alisisitiza kwamba liko karibu na mti wa mparachichi kwa sababu marehemu mumewe alimwonyesha.

Tulianzia kwenye jiwe la kaskazini, tukapima kwa futi ya kamba kulingana na urefu ulioandikwa kwenye ramani, tukafika hatua kama mbili ndani ya ua wa michongoma wa jirani. Kijana aliomba jembe, akamwamkia jirani vizuri, akamweleza tunachotafuta, kisha akachimba polepole. Baada ya kina cha kiganja jembe liligonga zege. Alipiga magoti, akafuta udongo kwa mikono, na jiwe likaonekana: mraba mdogo wa zege uliochakaa pembeni, nondo katikati yake, na herufi na namba zilizoandikwa kabla zege halijakauka. Akamimina maji ya chupa yake juu ya namba ili isomeke, akapiga picha, akaninyooshea ramani tulinganishe. Ilikuwa yenyewe.

Jirani alikuwa amepanda ua wake kwa kukadiria, si kwa ubaya. Walikubaliana na mama palepale kwamba ua utarudishwa nyuma kabla ya mauzo, na kijana akaandika makubaliano hayo kwenye karatasi, wote wawili wakasaini. Kama mnunuzi angegundua jambo hilo baada ya kulipa, lingeishia katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na shauri la mpaka linaweza kuchukua miaka.

Tangu leo mafunzo ya mauzo katika timu hii yanaanzia hapo, kwa magoti chini na ramani mkononi. Nilikuwa nikiwafundisha namna ya kumjibu mteja anayesita. Ofisa aliyeligusa jiwe la mpaka kwa mkono wake humjibu mteja bila kufundishwa.

Jumatano, 2 Aprili

Tumerudi kazini baada ya Idi na jambo kubwa linatusubiri. Ijumaa ya tarehe 28 Machi zimetangazwa kanuni za Benki Kuu kuhusu matumizi ya fedha za kigeni, zinazokataza kutangaza na kutoza bei ya bidhaa au huduma nchini kwa fedha za kigeni. Kwa miji mingi hilo linagusa hoteli na shule chache. Kwa Arusha linagusa nyumba.

Desturi ya kupangisha kwa dola hapa ina historia yake. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa hapa hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015, na wafanyakazi wake walipanga Njiro, Sekei, Ilboru na kwingineko kwa mishahara ya dola. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo, na kampuni za utalii zipo. Wenye nyumba walizoea, na hata baada ya wapangaji wale kuondoka wapo walioacha nyumba zikae tupu kwa miezi kuliko kushusha bei iliyokwisha kuandikwa kwa dola.

Nyumba 9 kwenye orodha yetu zilikuwa na bei ya dola. Tumezigawa kwa maofisa watatu ili wamwone kila mwenye nyumba, si kumpigia simu tu, na kupata bei mpya kwa shilingi kwa maandishi. Mikataba ya upangaji iliyokuwapo tumeipeleka kwa wakili. Nimewakataza maofisa kuzidisha bei ya dola kwa kiwango cha siku na kuishia hapo. Wakae na mwenye nyumba, waangalie nyumba zinazofanana naye zimepangishwa kwa kiasi gani, kisha wamwache aamue. Wazee wawili wamekasirika. Mmoja amepunguza bei kwa hiari yake, na nyumba yake imepata mpangaji ndani ya wiki hiyohiyo. *(Sentensi hii ya mwisho nimeiongeza tarehe 8.)*

Alhamisi, 17 Aprili

Masika yamekolea. Kwa kawaida huu ni msimu ambao madalali hupumzika, kwa sababu wateja hawataki kukanyaga tope. Nimeamua kinyume: tunawaalika wateja waje sasa hivi, mvua inaponyesha au siku inayofuata, wavae viatu vya mpira. Kiwanja kinachotuamisha maji hujisema chenyewe mwezi wa Aprili, na barabara ya udongo mweusi iliyoonekana nzuri mwezi wa Januari humfundisha mteja kwa dakika tano jambo ambalo ofisa asingependa kumwambia.

Tumepoteza wateja wawili kwa njia hiyo wiki hii. Mmoja wao amerudi akitaka kiwanja kingine kwetu, kwa sababu, kama alivyosema, hajawahi kuonyeshwa matope na mtu anayemuuzia.

Kwa upande wa Usa River na Maji ya Chai tumeongeza kipengele cha maji kwenye jalada. Maji mengi ya miteremko ya Mlima Meru yana madini ya floridi kupita kiasi kwa sababu ya miamba ya volkano, na meno ya kahawia ya watu waliokulia huko ni ushahidi unaoonekana. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Nyumba yenye kisima chake ipimwe maji, na matokeo yaingie kwenye jalada kabla ya kuonyeshwa. Familia yenye watoto wadogo inastahili kujua jambo hilo kabla ya kujua bei.

Mapato ya Machi na ya Aprili hadi leo yameshuka kuliko ya kipindi hicho mwaka jana. Nimelieleza wazi kwa mkurugenzi na kwa timu. Mali ni chache na kila moja inachukua muda. Nimeomba tusibadilishe kitu hadi Julai.

Ijumaa, 9 Mei

Mzee wetu wa Sakina ameleta mali yake kubwa ya kwanza tangu utaratibu mpya uanze: nyumba ya vyumba vinne Olasiti, ina hati, mwenye mali ni rafiki yake wa miaka mingi. Kila kitu kilikuwa kwenye jalada isipokuwa ridhaa ya mke. Rafiki yake alisema mkewe anajua na hakuna haja ya karatasi. Mzee alitaka nimwamini. Nilimwomba twende pamoja.

Tulikaribishwa vizuri. Mwenye nyumba alizungumza nasi sebuleni kuhusu bei na tarehe, mkewe akaleta chai. Nilimwamkia, nikamuuliza kwa sauti ya kawaida kama wameshapata mahali pa kuhamia. Alisimama na birika mkononi. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi, kisha akasema: “Kuhamia wapi, dada? Mimi nimeambiwa mmekuja kupima kwa ajili ya mkopo.” Akaweka birika juu ya meza, akatoka.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na uzo kama lile lingeweza kubatilishwa mnunuzi akiwa amekwisha kulipa. Lakini sikuhitaji kifungu chochote kuelewa nilichokiona usoni mwa yule mama. Nilimweleza mumewe kwamba hatuwezi kuendelea, tukaaga.

Njiani mzee alinyamaza hadi tulipofika barabara kuu. Ndipo akaniambia kwamba katika miaka yake yote ya udalali hakuwahi hata mara moja kumuuliza mke. Akahesabu kwa vidole nyumba anazozikumbuka, akaacha. Jioni alirudi ofisini, akaomba fomu ya ridhaa, akasema ingekuwa vema fomu hiyo isisainiwe mbele ya mume peke yake, bali ofisa azungumze na mke kando kwanza, na katika familia za kwetu anayefaa zaidi kufanya mazungumzo hayo ni ofisa mwanamke au mtu mzima anayeheshimika. Tumeliingiza pendekezo lake katika utaratibu neno kwa neno. Yeye ndiye atakayewafundisha wengine sehemu hiyo.

Jumatano, 28 Mei

Mambo matatu, kwa ufupi.

Uwanja wa mpira unaojengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027, mashindano ambayo Tanzania itayaandaa pamoja na Kenya na Uganda, umepandisha joto la viwanja vya upande ule, na kila dalali anatumia uwanja kama hoja. Nimepiga marufuku ofisa yeyote kumwahidi mteja kwamba bei itapanda. Amweleze umbali, barabara, na kama eneo limepangwa na kupimwa; kuhusu hifadhi ya barabara kuu, ampimie mita 30 kutoka katikati ya barabara mbele ya macho yake.

Mnunuzi mmoja alitaka kulipa milioni 90 taslimu. Tumekataa. Mawakala wa mali zisizohamishika wamo miongoni mwa wanaowajibika kutoa taarifa za malipo yenye shaka chini ya Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu ya 2006, na nilitaka timu isikie hilo kwangu kabla ya kulisikia polisi. Amelipa kupitia benki.

Nakala za vitambulisho vya wateja zilikuwa zikitumwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Tumezifuta zote na kuzihamishia kwenye kabati lenye ufunguo na kompyuta moja yenye nywila, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na sisi tulikuwa tunaishi kana kwamba haipo.

Alhamisi, 19 Juni

Tumevuka kwenda Kibosho, juu ya Moshi, kwa mteja aliyetaka tumuuzie nusu ekari ya kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo wa Kichagga. Ni kijana anayeishi Dar es Salaam, mwenye barua ya urithi na sababu ya kueleweka ya kuhitaji fedha. Kwenye picha alizotuma palikuwa na migomba, kahawa, na mwonekano wa Kibo ambao ungemvutia mnunuzi yeyote.

Picha hazikuonyesha makaburi. Yapo mawili, ya babu na bibi yake, chini ya migomba, yamejengewa na kupakwa chokaa, na njia ya kwenda kwa baba yake mdogo inapita katikati ya sehemu anayotaka kuiuza. Baba mdogo alitupokea kwa adabu, akatuketisha, akatueleza kwamba kihamba si mali ya mtu mmoja hata kama karatasi ina jina la mmoja, na kwamba ukoo haujakaa. Isitoshe, ardhi ile ni ya kijiji, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 Halmashauri ya Kijiji lazima iidhinishe kabla ya milki kwenda kwa mtu mwingine.

Nilimpigia kijana simu nikiwa palepale, nikampa baba yake mdogo simu hiyo wazungumze. Wamekubaliana kwamba jambo litaletwa kwenye kikao cha ukoo mwezi wa Desemba, wote watakaporudi nyumbani. Tumeondoka bila mkataba. Nimemlipa ofisa aliyenisindikiza zile 30,000 za jalada, ingawa jalada halikukamilika, kwa sababu alichofanya leo ni uchunguzi uliofika mwisho wake, na matokeo ya uchunguzi yanaweza kuwa “hapana”. Utaratibu umerekebishwa hivyo kwa wote.

Ijumaa, 11 Julai

Kiwanja cha Moshono kimesajiliwa kwa jina la mnunuzi. Kiliuzwa kwa milioni 28, bei aliyoiandika mama kwa mkono wake mwezi wa Februari. Kuanzia kusaini mkataba hadi usajili tumepitia taarifa ya mthamini aliyesajiliwa, fomu za uhamisho wa milki namba 29, 30 na 35, kodi ya faida ya mtaji iliyolipwa Mamlaka ya Mapato, ushuru wa stempu wa asilimia 1, na safari za kwenda ofisi ya ardhi ambazo ofisa wetu mdogo amezifanya zote mwenyewe. Mnunuzi, mwalimu mstaafu, alikuwa mmoja wa watu waliokipenda kiwanja hicho mwaka jana na kushindwa na ile milioni 37.

Hali ya mradi kwa leo: majalada kamili ni 38. Tangu Machi tumekamilisha mauzo 7 na hakuna lililovunjika baada ya kusaini. Mapato ya Juni yamepita ya Juni mwaka jana kwa mara ya kwanza. Ya miezi minne kwa jumla bado yako chini, na mkurugenzi amekubali kuendelea na mgawo wa malipo hadi Desemba. Nyumba ya Olasiti imerudi: mume na mke walikuja pamoja wiki iliyopita, wameamua kuipangisha sehemu badala ya kuiuza, na mzee wetu ndiye anayeandaa mkataba.

Leo saa tano asubuhi aliingia mteja mwenye haraka, akitaka kuonyeshwa kiwanja cha Kisongo alichokiona kwenye tangazo letu la zamani. Nilikuwa ndani, mlango ukiwa wazi. Kijana wetu alifungua kabati, akatoa jalada, akalipitia ukurasa kwa ukurasa mbele ya mteja, akasimama kwenye nafasi ya upekuzi ambayo ilikuwa tupu. “Samahani sana, mama,” alisema, “hiki siwezi kukuonyesha leo. Majibu ya Msajili nayafuata Jumatatu. Ukiniachia namba yako nitakupigia, yawe mazuri au mabaya.”

Mama aliandika namba yake kwenye daftari, akakaa, akauliza kama kuna kingine ambacho jalada lake limejaa.